Unyevu na Gundi ya Meno: Kwa Nini Chuma Hubanduka

Chini ya mwembe, kando ya barabara ipitayo katika kata ya Kasokola, Manispaa ya Mpanda, fundi baiskeli hufanya kazi ambayo wapita njia wameizoea hata hawaioni tena kuwa ni jambo la kutazamwa. Huuchomoa mpira wa ndani, akautia pumzi, akauzamisha katika karai la maji apate kuona mahali mapovu yanapotokea. Akishalijua tundu, huupangusa mpira kwa kitambaa kikavu, akausugua kwa msasa mpaka weusi wake unaong'aa ugeuke kijivu chenye mikwaruzo, akapaka solusheni nyembamba, akaipuliza, akangoja. Hapo ndipo huweka kiraka na kukigonga kwa nyundo. Mteja mwenye haraka humhimiza. Fundi mzoefu hamsikilizi. Ajua kwamba kiraka kilichobandikwa juu ya mpira wenye unyevu, hata ule usioonekana kwa macho, hakifiki mbali. Kitaachia kabla baiskeli haijaingia Mpanda mjini, na mwenyewe atarudi akiisukuma.

Kazi hiyo hiyo, karibu hatua kwa hatua, hufanywa na daktari wa meno anapogandisha vyuma vya kupangia meno. Nayo huharibika kwa sababu ile ile. Tofauti ni kwamba fundi baiskeli aweza kuuondoa mpira katika gurudumu na kuuanika juani, ilhali jino haliondoki kinywani, na kinywa hakikauki.

Meno yaliyopandana, yaliyochomoza mbele au yaliyoota upande huweza kurudishwa katika safu yake kwa kuvutwa polepole, kwa muda wa miezi mingi, aghalabu mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Kinachoyavuta ni waya mwembamba. Waya huo hauwezi kulishika jino peke yake. Hupitishwa katika vijichuma vidogo vyenye mfereo katikati, kimoja kwa kila jino, ambavyo wataalamu huviita braketi. Braketi haina msumari wala skrubu. Imeshikwa na gundi tu, katika eneo lisilozidi sana milimita 3 kwa 4, yaani dogo kuliko punje ya hindi. Nguvu yote ya waya, na nguvu yote ya kutafuna ugali, nyama, karanga na muwa kwa miaka miwili, hubebwa na eneo hilo.

Wataalamu wa kupanga meno nchini Tanzania ni wachache, na wengi wao wako katika miji mikubwa. Mzazi wa Kasokola anayempeleka mwanawe kwa mtaalamu wa Dar es Salaam kwa garimoshi hupita kwanza tawi la reli la kilomita zipatazo 210 kutoka Mpanda hadi Kaliua, kisha Tabora, kisha Reli ya Kati mpaka pwani. Safari nzima yazidi kilomita 1,000. Kwa mkazi wa Upanga au Kariakoo, braketi iliyobanduka ni usumbufu wa asubuhi moja. Kwa mtu wa Kasokola ni nauli, ni siku za shamba zilizopotea, na mara nyingi ni miezi ya kungoja ambamo jino lililokwisha kuvutwa huanza kurudi lilikotoka. Swali la kwa nini gundi huachia si dogo hata kidogo likitazamwa kutoka huko.

Gamba la nje la jino, ambalo wataalamu huliita enameli, ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Kwa uzito, asilimia 96 hivi ya gamba hilo ni madini ya kalsiamu na fosfeti, na sehemu ndogo iliyobaki ni maji na protini. Sura yake ni laini mno. Gundi iliyopakwa juu ya gamba lisilotayarishwa haipati mahali pa kushika, kama vile solusheni isivyoshika juu ya mpira usiopigwa msasa. Kwa sababu hiyo, kwa miaka mingi waliopanga meno hawakugandisha kitu juu ya jino. Walitengeneza pete ya chuma kwa kila jino, wakaivalisha kuzunguka jino zima na kuishindilia kwa saruji. Ilikuwa kazi ya saa nyingi, yenye maumivu kwa mgonjwa, na pete zilihitaji nafasi kati ya jino na jino ambayo haikuwapo.

Msasa wa jino ulipatikana mwaka 1955. Michael Buonocore, aliyekuwa akifanya utafiti katika jiji la Rochester, Marekani, alifahamu kwamba viwandani chuma huoshwa kwa tindikali ya fosforasi kabla ya kupakwa rangi, ili rangi ishike. Alijaribu tindikali hiyo juu ya gamba la jino kwa nusu dakika na kuona kwamba plastiki iliyowekwa baadaye ilishika kwa muda mrefu zaidi kuliko ilivyoshika juu ya jino lisiloguswa na tindikali. Mwaka 1962 Mmarekani mwingine, Rafael Bowen, alipata hataza ya utomvu wa kemikali ambao mpaka leo ndio mama wa gundi nyingi za meno. Mwaka 1965 George Newman akaeleza jinsi ya kugandisha braketi moja kwa moja juu ya jino. Katika miaka ya 1970 njia hiyo ilienea, na pete zikabaki zaidi kwenye magego.

Tindikali inayotumika siku hizi huwa na nguvu ya asilimia 37 hivi, nayo huachwa juu ya jino kwa sekunde 15 hadi 30. Katika muda huo mfupi huondoa tabaka lenye unene wa mikroni 10 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi) na chini yake huacha vinyweleo vingi visivyohesabika, vyenye kina cha mikroni 20 au zaidi kidogo. Tindikali ikishaoshwa na jino likikaushwa, sehemu iliyoguswa hupoteza mng'ao wake ikawa nyeupe kama chokaa ya ukutani. Weupe huo ndio alama anayoitafuta daktari. Gundi nyepesi ikipakwa hapo huzama katika vinyweleo, na ikigandishwa kwa taa maalumu hugeuka kuwa vijiti vidogo vilivyokwama ndani ya jino, kama mizizi ya mche iliyojisokota katika udongo. Gundi haijaungana na jino kwa kemikali, imeng'ang'ania tu. Uimara wote umo katika kuingia.

Hapo ndipo unyevu unapoharibu kazi.

Gamba lililoguswa na tindikali lina kiu. Tone la maji juu ya jani la gimbi hujikusanya likawa duara na kuteleza. Lakini tone hilo hilo juu ya gamba lililotayarishwa hutandaa papo hapo na kuzama, kwa kuwa vinyweleo huvuta kimiminika kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Kiu hiyo ndiyo inayoivuta gundi ndani. Lakini kiu haichagui. Kimiminika kitakachofika kwanza ndicho kitakachonywewa, na kinywani kimiminika kilicho karibu kuliko vyote ni mate. Utomvu wa gundi, nao, hauchanganyiki na maji, kama vile mawese yasivyochanganyika na maji katika sufuria. Ukikuta vinyweleo vimejaa hubaki juu juu. Ukigandishwa utaonekana mgumu na mzuri, na braketi itakaa wima mbele ya kioo, lakini chini yake hakuna mizizi.

Yafaa hapa kutofautisha maji na mate, kwa kuwa hata baadhi ya watu wa kazi hii huyachanganya. Maji safi yaliyomwagika juu ya gamba lililotayarishwa hayaleti hasara ya kudumu: yakikaushwa yameondoka, na weupe wa chokaa unarudi. Kwani tindikali yenyewe si huoshwa kwa maji? Mate ni jambo jingine. Asilimia 99 hivi ya mate ni maji, lakini ile moja iliyobaki ina chumvi na protini zenye asili ya ute, na protini hizo hupenda mno madini ya jino. Hung'ang'ania katika nukta chache za saa. Kifaa kilichokuwa na uji kikiachwa juani, maji huondoka na utando wa uji hubaki umekakamaa. Asiyejua aweza kudhani kifaa ni kikavu na safi, na kweli ni kikavu, ila si safi. Mwaka 1985 Leon Silverstone na wenzake, wakitumia hadubini ya elektroni, walionyesha kwamba mate yakiligusa gamba lililotayarishwa kwa muda wa sekunde moja tu au zaidi, huacha utando usioondoka wote kwa kuoshwa na maji peke yake.

Ni vyema kusema kwamba utando huo si uovu wa maumbile. Katika jino la kawaida, lisiloguswa na tindikali ya daktari, tabaka la namna hiyo huwapo mchana na usiku, nalo hulinda jino lisiliwe na uchachu wa vyakula. Mate yanafanya kazi yake; ni daktari aliyeingia katika nyumba ya wenyewe.

Damu ni mbaya zaidi, nayo haiji kwa bahati mbaya tu. Fizi zilizovimba kwa sababu ya utando wa uchafu usiosafishwa hutoka damu zikiguswa kidogo, tena hutoa majimaji yake ukingoni mwa jino, karibu kabisa na mahali pa kuweka braketi. Mgonjwa ambaye hajapiga mswaki vizuri kwa wiki kadhaa kabla ya siku hiyo amekwisha kuidhoofisha gundi kabla haijafunguliwa. Mswaki wa mti si kizuizi. Ukitumiwa vizuri husafisha vizuri.

Hasara yenyewe yaweza kupimwa. Mwaka 1975 Mwingereza I. R. Reynolds alikadiria kwamba braketi, ili iweze kustahimili kazi ya kila siku, yahitaji kushikwa kwa nguvu ya megapaskali 6 hadi 8. Kwa eneo la milimita za mraba 12 hesabu hiyo ni sawa na kuning'iniza mzigo wa kilo 7 hadi 10 kwenye braketi moja. Gundi nzuri juu ya gamba kavu hufikia kiasi hicho na kukipita. Majaribio mengi ya maabara, ambamo meno yaliyong'olewa hupakwa mate kwa makusudi, yameonyesha kwamba gundi ya kawaida hushuka sana, mara nyingine hadi nusu au chini ya hapo. Mgonjwa akishaondoka hospitalini, hasara hiyo haionekani. Huonekana siku ya tatu, au mwezi wa tatu, kwenye hindi la kuchoma.

Kinywa chenyewe kina ramani ya maji, na kuijua ni nusu ya kazi. Mtu mzima hutoa mate kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, lakini hayatoki kila mahali sawasawa. Mfereji wa tezi kubwa ya shavuni hufunguka mkabala na gego la pili la juu. Mifereji ya tezi za chini hufunguka chini ya ulimi, nyuma ya meno ya mbele ya chini. Basi pamba iliyoviringwa hutiwa kati ya shavu na magego ya juu ili kuziba chemchemi ya kwanza, na nyingine chini ya ulimi kwa ajili ya chemchemi ya pili. Meno ya mbele ya juu hukaushwa kwa urahisi. Magego ya chini ndiyo taabu, kwani maji hutiririka kuelekea chini, ulimi huyasukuma, shavu huyakamua, na mwanga hauyafikii vizuri. Si ajabu kwamba braketi za nyuma hubanduka mara nyingi zaidi. Na kinywa kilichoachwa wazi, chenye vitu vigeni ndani, huongeza mate badala ya kuyapunguza, kwa kuwa mwili hudhani kwamba chakula kimeingia.

Kuna pia pumzi. Hewa inayotoka mapafuni imejaa mvuke karibu kiasi chote inachoweza kubeba, kama ajuavyo yeyote aliyewahi kukipumulia kioo. Daktari anayesema "pumua kwa pua" anakausha meno kwa maneno.

Katika hospitali iliyotimia kuna mrija wa kufyonza mate na hewa ya kukaushia inayotoka katika mtambo wa kushindilia hewa. Vyote viwili vyahitaji umeme. Lakini mtambo huo nao huleta unyevu wake, jambo linalosahauliwa sana, hasa katika majira ya mvua, ambayo Mpanda huanza yapata Novemba na kwisha Aprili. Hesabu yake ni rahisi. Hewa ya joto la nyuzi 30 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 30 hivi za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Ikiwa siku ya mvua hewa ina gramu 24, basi mita 7 za ujazo zina gramu 168. Zikishindiliwa zikawa mita moja, na joto likarudi nyuzi 30, mita hiyo itabeba zile gramu 30 tu. Zaidi ya gramu 130 zitageuka maji ndani ya tangi. Tangi lisilofunguliwa chini kila siku kumwaga maji hayo litayapeleka, pamoja na mafuta ya mashine, mpaka kwenye jino ambalo daktari anaamini kwamba analikausha. Njia ya kupima haina gharama: hewa hiyo ipulizwe kwa sekunde chache juu ya kioo kidogo cha meno au karatasi safi. Kikiwa na ukungu au karatasi ikiwa na doa, kazi isianze.

Je, mate yakilifikia gamba kabla ya gundi, yafanyweje? Jibu la wataalamu wengi ni kurudia: tindikali kwa sekunde chache tena, kuosha, kukausha, kuangalia weupe. Kulipuliza tu hewa jino lililoguswa na mate ni kujidanganya. Inapotokea kwamba gundi nyepesi imekwisha kupakwa na kugandishwa, hasara ya mate huwa ndogo zaidi, kwa maana vinyweleo vimekwisha kujazwa na kinachohitaji kurekebishwa ni sura ya juu tu. Kwa hiyo daktari mwenye msaidizi mmoja na pamba chache hufanya vyema kutayarisha meno mawili au matatu kwa mara moja badala ya safu nzima. Huchukua muda mrefu, lakini jino halipati nafasi ya kulowa likingoja zamu yake.

Wakemia, kwa upande wao, walijaribu kutengeneza gundi isiyoogopa maji. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 zimepatikana gundi nyepesi zenye viungo vinavyochanganyika na maji, ambazo huweza kuingia katika vinyweleo vyenye unyevu kidogo. Zimesaidia, ingawa nazo hushika vizuri zaidi penye ukavu. Ipo pia jamii ya gundi ambayo hugandishwa na unyevu wenyewe. Ndugu yake ni ile supa gluu inayouzwa madukani katika vichupa vidogo. Wapo watu ambao, braketi ikibanduka, hudhani wamepata dawa dukani. Hiyo si dawa. Gundi ya dukani haikutengenezwa kwa ajili ya kinywa, huunguza fizi, na braketi iliyobandikwa nayo mahali pasipo pake hulivuta jino kule lisikotakiwa.

Njia ya pili ndiyo inayoihusu Tanzania moja kwa moja. Mwaka 1969, katika maabara ya Mkemia wa Serikali mjini London, Alan Wilson na Brian Kent walipata saruji mpya ya meno, na mwaka 1972 wakaitangaza. Ni unga wa kioo chenye aluminiamu na floridi, unaochanganywa na tindikali laini yenye maji. Mchanganyiko huo, uitwao glasi-ayonoma, haung'ang'anii tu katika vinyweleo. Hushikana na kalsiamu ya jino kwa kemikali. Tena hauwezi kuganda pasipo maji. Kitu ambacho kwa utomvu ni adui, kwa saruji hii ni kiungo cha chungu.

Katikati ya miaka ya 1980, katika shule ya udaktari wa meno ya Muhimbili, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mholanzi Jo Frencken na wenzake walikabiliwa na swali la vijijini. Mashine za kuchimbia meno hazikuwa na maana mahali pasipo umeme, na kwa wanavijiji wengi tiba ya jino lililooza ilikuwa moja tu: kung'olewa. Waliona kwamba sehemu iliyooza, kwa kuwa ni laini, yaweza kukwanguliwa kwa vyombo vya mkono, na tundu likazibwa kwa saruji inayojishikiza yenyewe. Walianza kwa saruji ya aina nyingine, na glasi-ayonoma ikachukua nafasi yake baadaye. Majaribio makubwa yalifuata Thailand na Zimbabwe, na Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili 1994, Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa ulimwengu. Mwaka 2021 shirika hilo liliiingiza saruji ya glasi-ayonoma katika orodha yake ya dawa muhimu. Tiba ambayo sasa hutumika hata katika nchi tajiri ilianzia katika ukosefu wa umeme wa vijiji vya Tanzania, jambo ambalo halitajwi kadiri linavyostahili.

Lakini asije mtu akadhani kwamba saruji ipendayo maji yaweza kutiwa kinywani bila pamba. Jino hupanguswa kwanza kwa tindikali dhaifu, likaoshwa kwa pamba yenye maji, likakaushwa kwa pamba kavu, lisikaushwe mno. Laonekana kung'aa kidogo bado. Mate yakiingia hapo, protini zake hukaa kati ya saruji na kalsiamu, na muungano haufanyiki. Saruji ikishawekwa, dakika zake za kwanza ni za hatari mbili zilizo kinyume: maji yakiifikia mapema huosha chembe zake kabla hazijafungamana, na hewa kavu ikiipata hunyonya maji yake ikapasuka, kama matofali mabichi yaliyoanikwa jua kali la Septemba. Kwa sababu hiyo daktari huikandamiza kwa kidole chenye glavu iliyopakwa vaselini, na kuiacha imefunikwa na mafuta hayo.

Kwa braketi, saruji hii katika umbo lake la asili ni dhaifu. Majaribio yameonyesha zikibanduka mara nyingi kuliko za utomvu. Iliyofaa ni aina iliyochanganywa na utomvu kidogo, ambayo huganda kwa namna mbili, kwa kemikali yake na kwa taa. Hiyo hushika juu ya gamba lenye unyevu, na nguvu yake hukaribia ile ya gundi ya kawaida. Faida yake ya ziada ni floridi inayotoka polepole kuzunguka braketi, mahali ambapo mabaki ya chakula hukaa na madoa meupe ya kuoza huanza. Taa zake sasa hutumia betri inayoweza kutiwa chaji kwa nguvu za jua, na pamba, vaselini na kioo kidogo hupatikana popote. Kwa kituo cha afya kilicho mbali na mtaalamu, haya yana maana kuliko kiti cha umeme. Kupanga meno kunahitaji mtaalamu na hakuna njia ya mkato. Lakini kurudishia braketi moja iliyobanduka, kwa maelekezo ya mtaalamu aliyeianza kazi, ni jambo ambalo mhudumu wa meno aliyefundishwa aweza kulifanya Mpanda, na kumwokoa mgonjwa safari ya kilomita 1,000. Kwa kazi kama hiyo, iliyo peke yake na yenye jino moja tu la kukausha, saruji isiyoogopa unyevu yafaa kuliko gundi iliyo imara zaidi katika vitabu.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Gundi nyingi hufikia nguvu yake kamili baada ya siku nzima, hivyo chakula cha siku ya kwanza kiwe laini. Muwa na mifupa vingoje mpaka vyuma vitakapoondolewa.

Na braketi ikianguka, isitupwe. Ni shahidi. Tangu mwaka 1984 Jon Årtun na Bergland wa Norway walipopendekeza kipimo cha gundi inayobaki juu ya jino, wataalamu wamekuwa wakiisoma sura ya chini ya braketi iliyobanduka kama mwindaji asomavyo nyayo. Gundi ikiwa imebaki yote juu ya jino, na tumbo la braketi ni jeupe, kilichoshindwa ni mshikano wa gundi na chuma: pengine braketi iliguswa kwa vidole, au ilitikiswa kabla gundi haijakauka. Lakini gundi ikiwa imetoka yote pamoja na chuma, sura yake laini kama kioo, na jino limebaki safi kana kwamba halikuguswa, basi gundi haikupata kuingia, na kinachotiliwa shaka kwanza ni mate. Mzazi wa Kasokola na aikunje braketi hiyo katika karatasi kama ilivyo, bila kuikwangua wala kuisugua, na kuipeleka nayo hospitali.